Maskani, picha ya Idi na jina la panga boys: uchambuzi wa kisa kimoja cha Mombasa

Kabla hatujaingia ndani

Kisa hiki nakitumia kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sosholojia na wale wa maendeleo ya jamii, manake nimeona sana mtu anakariri majina ya wanazuoni mpaka siku ya mtihani, halafu akirudi mtaani kwao anaongea kuhusu vijana vilevile kama mtu ambaye hajasoma chochote. Jina la mtaa nimelitoa. Kazi na umri wa baadhi ya watu nimebadilisha, ila mpangilio wa matukio ni vile ulivyokuwa. Ni upande wa Kisauni na hapo natosheka, Kisauni ni kubwa.

Nimeongea na vijana wenyewe, na watu wa kamati, na mama aliyeumizwa. Wote walikubali kisa kiandikwe mradi wasijulikane.

Mtaa na maskani yake

Mtaa wenyewe ni mchanganyiko. Kuna nyumba za Kiswahili za zamani, zile za vyumba sita na ukumbi katikati, na baina yake zimejengwa ghorofa za kupangisha. Wenye nyumba wanajuana tangu mababu zao, wanazikana na kuozana. Wapangaji wanakuja na kuhama, wengine hata majina hawajulikani, wanaitwa kwa namba ya mlango. Kamati ya mtaa ina mzee wa mtaa, watu wa Nyumba Kumi (ule mpango wa serikali wa majirani kulinda usalama wa mtaa, ulioanza 2013), imamu na wenye nyumba wawili. Hakuna mpangaji ndani ya kamati na hakuna aliye chini ya miaka arobaini, hili likumbukwe manake tutalihitaji mbele.

Maskani ilikuwa benchi la mbao chini ya mwarobaini, ubavuni mwa kinyozi. Vijana kumi na mmoja, mdogo wao ana 17 na mkubwa 26. Wanacheza keram, dama, wanatafuna muguka (aina ya miraa), wanaangalia simu. Ukipita pale saa nne asubuhi siku ya kazi utasema hawa ni wavivu na hawana mpango wowote duniani.

Sasa ukikaa nao ndio unaona mpangilio upo, tena mkali. Mkubwa wao aliwahi kuwa taniboi wa malori, yaani utingo, yeye ndiye mwenye kauli ya mwisho, anajua nani anamdai nani, na mmoja akichelewesha kodi yeye ndiye anaenda kumbembeleza mwenye nyumba. Akitokea kibarua cha kupakua saruji hachukui mtu mmoja, anachukua watatu wagawane. Mtaani kukiwa na msiba wao ndio wanatandika majamvi, wanachimba kaburi, wanabeba jeneza. Mmarekani mmoja, William Foote Whyte, alienda kuishi kwenye mtaa wa Waitaliano wa North End kule Boston mwishoni mwa miaka ya 1930, na kitabu chake kikatoka 1943. Watu wa nje walikuwa wanauona mtaa ule umevurugika, yeye akakuta vijana wa kona wana vyeo, wadhamini, madeni na wajibu ambao kila mmoja anaujua bila kuandikwa. Wanafunzi wangu wakisoma habari zile huwa wanacheka, wanasema hii si maskani tu hii.

Na kwa nini wako kumi na mmoja pale saa nne asubuhi? Hapa lazima tutoke nje ya mtaa. Wanne kati yao walikuwa wanakula kupitia malori, kwa utaniboi, kuosha, gereji, kubebabeba kwenye yadi za makontena. Reli mpya ya SGR ilianza kubeba abiria 2017, mizigo ikafuata 2018, halafu serikali ikasukuma makontena ya kwenda bara yapande treni hadi Nairobi. Watu wa Mombasa waliandamana sana 2019, kila Jumatatu, wakilia biashara inakufa. Amri ile ilikuja kuondolewa 2022. Katikati hapo ikaingia korona 2020, hoteli zikafungwa, na watatu wengine wa maskani walikuwa wanategemea watalii wa Bamburi na Nyali. C. Wright Mills aliandika mwaka 1959 kwamba kazi ya sosholojia ni kuunganisha shida ya mtu binafsi na jambo la umma. Mtu mmoja akikosa kazi unaweza kumuuliza yeye amekosea wapi, lakini benchi zima likikosa kazi ndani ya miaka michache ileile, swali hilohilo halina maana tena, inabidi uulize kuhusu bandari na reli na hoteli. Kwenye mtaa wetu hakuna aliyeuliza hivyo. Watu waliona uvivu umeongezeka tu.

Usiku wenyewe

Baada ya isha, mama anayeuza viazi karai njia panda alikuwa anafunga meza. Wakatokea watatu kwa miguu, nyuso wamefunika, wana mapanga. Walichukua simu na pesa za siku nzima, na alipovuta mkoba akakatwa mkono. Alishonwa usiku uleule. Nasema hivi mapema manake kisa kama hiki kikichambuliwa watu wanakimbilia kuwahurumia vijana wanamsahau aliyemwaga damu. Huyu mama analea watoto wanne kwa meza ile.

Hakuna aliyewatambua wale watatu. Lakini kabla mama hajarudi kutoka hospitali, kwenye grupu la WhatsApp la mtaa ikaingia voisi ya mtu akisema "hao ni walewale wa maskani, nani mwengine?" Dakika chache mbele mwengine akatuma picha. Picha yenyewe ilipigwa siku ya Idi, vijana wamekaa benchini wamevaa kanzu zao safi, wanacheka. Mtu akaizungushia duara nyekundu nyuso zao. Kufikia asubuhi ilishafowadiwa mitaa mingine na maneno chini yake, panga boys wa huku ndio hawa. Panga boys ni jina wanaloitwa vijana wanaopora watu kwa mapanga.

Ndani ya picha ile kulikuwa na nyuso kumi na tatu. Wawili wa ziada ni watoto wa mwenye nyumba mmoja wa kamati, ambao walikuwa wanakaa pale maskani karibu kila jioni. Duara nyekundu ziliwaruka.

Yale yaliyoamuliwa na sababu zake

Kamati ilikutana asubuhi ile. Uamuzi wa kwanza ulikuwa kupeleka majina kwa polisi, na sababu yao si ya kijinga hata kidogo, nimesikiliza kwa makini. Walikuwa wanaogopa watu wajichukulie sheria mkononi. Mzee wa mtaa aliniambia, "Mwanangu, afadhali wakalale seli kuliko wakachomwa tairi hapa mbele ya mama zao." Hofu hiyo ina msingi, mambo hayo yameonekana. Ila hakuna kwenye kikao aliyeuliza majina haya tumeyatoa wapi. Yalitoka kwenye voisi.

Polisi walikuja na kubeba sita waliowakuta. Wanne wakaachiliwa kesho yake bila shtaka. Wawili walipelekwa kortini, wakatoka kwa bondi, na kesi ikaja kuondolewa kwa kukosa ushahidi. Mama wa viazi mwenyewe alishaandika kwenye taarifa yake kwamba wale watatu hakuwajua, na kwamba vijana wa maskani anawajua kwa mwendo na kwa sauti, wanakula kwake kwa mkopo, siwo.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuvunja maskani. Benchi liling'olewa, mwarobaini ukakatwa matawi kivuli kiishe, kinyozi akaonywa. Mantiki ilikuwa kwamba ukiondoa mahali pa kukaa umeondoa tatizo.

Wa tatu haukuamuliwa na kikao chochote, ulijiamua wenyewe nyumba kwa nyumba. Mwenye tuktuk akamnyang'anya ufunguo dereva wake, mmoja wa vijana wale, "si mimi, ni abiria wanaogopa." Duka likakata mkopo. Posa ya mmoja ikarudishwa. Akina mama wakawa wanawavusha mabinti upande wa pili wa njia wakiwaona. Mmoja ambaye alikuwa anatengeneza simu kwenye kibanda chake akakosa wateja kabisa, manake nani ampe simu mtu anayesemwa anaiba simu.

Miezi iliyofuata

Vijana hawakuyeyuka. Walihamia kwenye jengo lililokwama nusu, kando ya bonde, mbali na macho ya mtu mzima yeyote. Pale benchini walikuwa wanapita mbele ya imamu mara tano kwa siku, na mama wa viazi, na kinyozi, na wazee wa kahawa. Jengoni hakupiti mtu. Wakakutana na vijana wa mitaa mingine ambao nao walishafukuzwa kwao, na kati ya hao wapo waliokuwa kwenye wizi kikweli.

Mdogo wao, yule wa miaka 17, alikuwa Kidato cha Nne. Kule skuli picha ilishafika. Akawa anaitwa panga boy mchana kutwa, mara kwa mzaha mara kwa ugomvi, na mwishowe akaacha kwenda. Aliniambia jambo ambalo sijalisahau, kwamba siku za mwanzo alikuwa anakataa, anaapa, anakaribia kulia, halafu akagundua kwamba asipokataa wanamuogopa na kumuacha. Miezi michache baadaye alikamatwa na simu ya wizi mkononi, na safari hii ilikuwa kweli. Ninapoandika yuko rumande.

Mmoja alienda kutafuta maisha Malindi. Mkubwa wao aliacha kucheka na mtu, akawa anatafuna muguka tangu asubuhi.

Aliyeanza kugeuza mambo

Alikuwa mama wa viazi. Jeraha lilipopona alirudi mezani, na akawa anaona meza yake haina usalama kama zamani, kwa sababu wale waliokuwa wanakaa hatua chache kutoka kwake mpaka usiku hawapo tena. Akaenda kwa mwalimu mmoja mstaafu, bibi anayeheshimika sana pale, wakaenda pamoja kwa imamu, na imamu akaitisha kikao baada ya swala ya Ijumaa. Mama alisema mbele ya wote, "Mzee, na wewe ustadhi, mimi nilikatwa mkono, sikukatwa macho. Hawa siwo. Na mie ndiye mwenye haki ya kusema."

Palikuwa kimya, halafu pakawa na makelele. Walibishana mpaka alasiri. Mwisho walikubaliana mambo mawili. Vijana wapewe kazi ya kuzoa takataka za mtaa, kila nyumba ilipe kidogo kwa wiki, na atakayekusanya pesa na kuweka daftari awe yule fundi simu. Na wawili kati yao waingie kwenye kamati. Bibi mwalimu ndiye aliyeshikilia hili la daftari, watu walitaka pesa zipitie kwa mzee wa mtaa yeye akakataa katakata.

Haikuwa rahisi. Wiki za kwanza nyumba nyingi hazikulipa. Halafu zikaja mvua kubwa za Novemba 2023, Mombasa ikajaa maji, na mitaro ya mtaa ikawa imezibuliwa tayari na hawahawa. Hapo malipo yakaongezeka. Benchi lilirudi, safari hii likiwa na mabati juu, manake kivuli cha mwarobaini kilishakatwa.

Tuchambue

Tuanze na ile voisi. Wanasosholojia W. I. Thomas na Dorothy Swaine Thomas waliandika mwaka 1928 kwamba watu wakiichukulia hali fulani kuwa ya kweli, basi matokeo yake yanakuwa ya kweli. Siku ya wizi mtaa haukuwa na panga boys wake, walikuwa wageni au watu ambao hawajajulikana mpaka leo. Mwaka mmoja baadaye ulikuwa naye angalau mmoja, na ulimtengeneza wenyewe. Safari kama ya yule kijana wa miaka 17 ilielezwa na mwanasosholojia Edwin Lemert 1951 alipotenganisha ukiukaji wa awali wa kanuni za jamii, ambao karibu kila mtu anao, na ukiukaji wa pili, ule ambao mtu anaingia kwa sababu jina ameshapewa na maisha yake yote sasa yanapangwa na jina hilo. Angalieni jinsi milango ilivyofungwa moja moja, skuli, mkopo wa duka, kazi, ndoa. Kila aliyefunga alikuwa anajilinda yeye na nyumba yake tu. Ukiijumlisha ndio unaona kijana amebakishiwa mlango mmoja.

Howard Becker mwaka 1963 alisema ukiukaji haupo ndani ya kitendo chenyewe, upo kwenye jina ambalo wengine wamefanikiwa kumbandika mtu. Neno la kuliangalia hapo ni kufanikiwa. Wale watoto wawili wa mwenye nyumba walikaa benchi lilelile, walivaa kanzu zilezile, walitafuna muguka uleule, na jina halikuwashika. Nani angelibandika? Baba yao yumo kwenye kamati. William Chambliss alichapisha 1973 uchunguzi wa makundi mawili ya wavulana wa skuli moja Marekani, wanane wa familia za uwezo na sita wa familia za chini. Makosa yao yalikaribiana, lakini wale wanane waliitwa watoto wazuri wanaocheza na wale sita wakaitwa wahuni, na maisha yao ya baadaye kwa sehemu kubwa yakafuata majina yale. Hapa ndipo nataka mwanafunzi asiishie kwenye majina tu, aingie kwenye nani ana uwezo wa kutoa jina, manake bila hilo nadharia ya Becker inageuka kuwa nasaha ya kuongea vizuri. Mtaani kwetu uwezo huo unafuata umiliki wa nyumba, na wengi wa wale kumi na mmoja ni watoto wa wapangaji.

Kuna jambo ambalo ni gumu kulisema lakini lipo. Usiku ule mtaa ulishikana kuliko wakati wowote. Wapangaji na wenye nyumba ambao hata salamu hawapeani walikesha pamoja kwenye grupu, wakachanga pesa za hospitali ya mama, wakapanga zamu za kulinda. Émile Durkheim aliliona hilo tangu 1893, kwamba kosa linawakusanya watu wema na kuwafanya wahisi ni kitu kimoja. Umoja ule ulikuwa wa kweli na mchango wa hospitali ulikuwa wa kweli. Walioulipia ni vijana.

Kuvunja maskani nadhani ndio uamuzi mbaya kuliko yote, mbaya hata kuliko kupeleka majina, kwa sababu kupeleka majina kulikuwa na hofu ya haki nyuma yake. Benchi ndipo vijana walipokuwa wamefungwa na watu wazima kwa nyuzi ndogondogo, mkopo wa viazi, salamu ya imamu, kazi ya msiba. Ukizikata zote siku moja, kijana anabaki na wenzake peke yao, na wenzake wapya.

Nadharia ya majina nayo ina mipaka yake. Haituambii nani alimkata mama. Wale watatu walikuwa wezi kabla ya mtu kuwaita chochote, na kwa hao inabidi turudi kwa Robert Merton, ambaye mwaka 1938 alieleza kwamba jamii inamfundisha kila mtu kutaka mafanikio yaleyale huku njia za halali ikizigawa kwa wachache, na mbano huo unamtoa kila mtu upande wake, mwengine anatafuta njia isiyo halali, mwengine anajitoa kabisa kwenye mbio. Yule mkubwa na muguka wake tangu asubuhi namsoma kwa huyu Merton kuliko kwa Becker.

Kilichofanya kazi kwenye kikao cha Ijumaa, kwa maoni yangu, hakikuwa takataka. Vikundi vya takataka viko kila mahali na vingi vinakufa. Jina lilitoka kwa sababu walioliweka ndio walioliondoa, hadharani, na aliyeanza ni yule ambaye madhara yalimpata, hakuna aliyeweza kumwambia hujui unachosema. Vijana walishaapa miezi mizima na hawakusikilizwa. La pili ni daftari la pesa. Kumpa mtu aliyeitwa mwizi ashike pesa za watu, mbele ya macho ya watu, kunamuweka kwenye nafasi mpya ambayo kila wiki inathibitishwa nyumba kwa nyumba anapogonga mlango.

Kilichoshindikana kiko nje ya uwezo wa mtaa. Mmoja wa wale wawili waliofikishwa kortini alipata nafasi kwenye yadi ya makontena baada ya kazi za malori kurudi kidogo. Wakataka cheti cha tabia njema. Alama zake za vidole zilishachukuliwa, kesi iliondolewa, lakini kufuatilia karatasi ya kuonyesha imeondolewa kulichukua muda mrefu na yadi haikungoja. Mtaa umemsamehe kosa ambalo hakufanya, faili bado. Na ile picha ya Idi inaendelea kuzunguka kwenye magrupu ya watu ambao hawajawahi kufika mtaani pale, mara ya mwisho ilitumwa ikiwa na jina la mtaa mwengine kabisa.

Kamati sasa ina kanuni kwamba jina au sura ya mtu haiwekwi kwenye grupu kabla ya aliyeibiwa kuulizwa. Imevunjwa mara kadhaa tayari, na kila ikivunjwa wale vijana wawili walio kwenye kamati ndio wanaopiga simu kwanza.